Picha ya 4,117

Julai. Baridi imeingia hadi kwenye kibodi.
Wenzangu wako likizo, wanalala hadi saa nne;
mimi nimepata nafasi ya utafiti, mwaka wa tatu,
posho ya nauli na chai,
na kigari kisicho na dereva
kinachozunguka uwanja nyuma ya karakana
kikiogopa kivuli cha nguzo.

Kazi yangu ni kukifundisha kuona.
Nachora visanduku juu ya picha za Barabara ya Jogoo:
hii pikipiki, hili shimo, huyu mbuzi.
Dakta Chemutai anasema usikawie, picha ni elfu tisa.

Ya 4,117: mkokoteni, magunia ya viazi,
na nyuma yake miguu miwili.
Mashine imeandika: mzigo, unasogea.

Nazijua kandambili zile, moja ya buluu, moja nyekundu.
Ni Musembi, aliyenisukumia sanduku hadi bwenini
siku ya kwanza, mvua ikinyesha,
akasema nitamlipa nikishakuwa injinia.

Nafuta. Nachora upya, polepole,
kisanduku kinachomtosha mtu mzima.
Dakta anauliza mbona nimekwama.

Kesho uwanjani tutaona
kama kitasimama.