Gego

Siku ya tatu Mize hali, hasemi,
shavu limeumuka kama andazi.
Mama kamtia karafuu kwenye tundu,
ile aliyoichuma kwa mikono yake, pishi kwa pishi.
Ganzi ikaja, ikakaa kidogo, ikaaga
kama mgeni asiyevua viatu.

Daktari wa meno yuko Wete, Jumanne tu.
Leo Alkhamisi.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja skuli,
akakinga maji ya mfereji kwenye kichupa,
akatwambia: matamu, safi, ila yamekosa
chembe ya madini inayokaza meno.
Akaandika. Gari ikaondoka.
Sisi tuliambiwa tungoje.
Jino halikuambiwa.

Jumanne: nauli, kadi, benchi, namba ishirini na tisa.
"Mashine ya kuziba mbovu," kasema nesi. "Tunang'oa."
Mama akageuka, pua juu:
"Mbona humu mnanuka shambani kwangu?"
Wakamwonesha chupa ndogo, maandishi ya ng'ambo,
mafuta ya karafuu.
Akaishika kama aliyekutana na mwanawe ugenini,
naye mwana hamjui.

Mize hakulia pale. Alilia njiani,
tulipofika Mzambarauni, damu imeshakauka.
Jioni akalirusha gego juu ya paa,
akaomba jipya,
kama tulivyomfunza kwa yale ya utotoni.
Ana miaka tisa.
Bati likalia. Tukalisikia likibiringika,
likibiringika,
na hakuna aliyemwambia.