Kabla Halijawashwa

Bwana Kweka aliniambia saa nne.
Nilifika saa kumi na mbili kasoro robo,
Njiro, mwezi wa saba,
ukungu umeshuka hadi kwenye nyaya za umeme
na Meru haupo, kama ambao haujawahi kuwepo.

Fundi Akyoo ndiye aliyenifunza:
gari la kitajiri ukiambiwa saa nne, nenda alfajiri.
Saa nne limeshaoga,
limeshakunywa chai,
limeshafundishwa la kusema.

Loishiye mlinzi alitufungulia
kwa maandazi manne na salamu ndefu.

Na lilikuwa pale. Jeusi ti.
Jana lilisimama wima kama bwana harusi,
leo limeinamia kushoto,
tairi la mbele limezama ndani ya bodi:
limepiga goti.

“Mpira wa hewa umevuja usiku,” alisema Akyoo,
wala hakuinama kutazama.
“Goti hilo, dada Ndeshi, ni milioni tatu.
Na lina magoti manne.”

Akaweka kiganja juu ya boneti
kama nesi wa kliniki apimavyo homa.
Baridi. “Afadhali. Hajaamshwa.”
Akamulika tochi dirishani:
jana dashibodi ilisema kilomita elfu sitini na mbili,
lakini raba ya pedali ya breki
imelika ikang'aa
kama kandambili za Loishiye, upande wa kisigino.

Niseme ukweli: nililitaka.
Si kwa ajili ya matope, si kwa mbuga,
nililitaka kwa ajili ya Desemba,
kwa ile barabara ya kupanda Kibosho
migomba ikigusa vioo huku na huku,
na mawifi zangu wa zamani wamesimama ukingoni na ndoo,
wakiinama kidogo waone nani anaendesha.
Yule aliyerudishwa kwao na mabegi mawili.
Nilikuwa nimeshachagua hata kitambaa cha kichwa.

Mwenyewe alitoka amevaa sweta juu ya pajama,
funguo mkononi, usingizi usoni.
Alitutazama, akalitazama gari,
kisha akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja,
kama mtu aliyekutwa bafuni.

Akyoo akafungua kifuniko cha oili,
akapitisha kidole ndani, akanionyesha:
utando, rangi ya chai ya maziwa.
Hakusema kitu.
Alikifuta kidole kwenye ovaroli, polepole mno,
nikajua maji na oili vimeshaoana humo ndani
na hakuna wa kuwaachanisha kwa bei rahisi.

“Desemba tisa limepanda Machame,” alisema Bwana Kweka.
Hakuna aliyemuuliza.
“Ya kumi nililiacha Kwa Sadala, kwenye kituo cha mafuta.
Lilichemka. Nikapanda na bodaboda,
nyumbani nikasema liko sevisi.
Mama akasema, sevisi gani siku ya Krismasi?”
Akacheka. Kicheko kikakatika katikati,
akaliwasha.

Na hapo ndipo nilipoharibikiwa.
Kwa sababu liliinuka.
Kona moja, ikatulia. Kona nyingine.
Pumzi ndefu chini ya sakafu, kama mtu mzima
anayesimama kanisani kwa sababu jina lake limetajwa,
mpaka likawa refu kuliko mimi,
na taa zake zikaupasua ukungu
hadi kwenye ukuta wa jirani.

Moshi mweupe ulitoka nyuma. Niliuona.
Akyoo alikohoa, ile kohoa ya kuniita.
Nilisikia.
Harufu ya ngozi ya viti ilinifikia kupitia mlango uliokuwa wazi.

“Na bei ya mwisho?” nilijisikia nikiuliza.

Akyoo akageuka, akaangalia Meru,
ambao bado haukuwepo.