Maji ya Baridi

Nilifika Łódź mwezi wa pili, kichwa changu buluu,
buluu ya chupa, ya wiki tatu,
na bibi yangu Wiesława, kabla ya salamu,
akashika ncha ya nywele zangu kwa vidole viwili
kama mtu anayepapasa jora asilonuia kulinunua.
"Imechujuka," akasema.
Ndipo akanibusu.

Miaka thelathini na mmoja alisimama penye pipa
katika kiwanda cha nguo ng'ambo ya reli
(sasa ni maduka; palipokuwa na pipa wanauza aiskrimu).
Aliitia pamba rangi, nyekundu Jumatatu, kijani Alhamisi,
na kijito nyuma ya ukuta kikavaa alichokivisha,
hata majirani wakaijua siku kwa kuchungulia maji.

Nywele zake yeye ni za bitiruti.
Ana miaka sabini na minne, na kichwa chake
hufika kituo cha tramu kabla ya uso.

"Unaoshea maji gani?"
"Ya moto, Bibi. Kila siku."
"Kila siku! Shati la mchimba makaa halifuliwi kila siku."
Akanishika shingo, akaniinamisha juu ya sinki la jikoni,
sahani mbili za asubuhi zikiwa bado humo.
Mtaka cha mvunguni huinama.
Mtaka buluu naye huinama, na meno yakamgongana.

"Unywele ni uzi wenye magamba.
Maji ya moto huyafunua yale magamba,
na rangi ni mgeni: akiona mlango wazi
anaondoka bila kuaga."
Nikapiga yowe. Hakulegeza mkono.
Kisha siki ya tufaha, kijiko kimoja kwa kikombe cha maji,
"wala si kila mara, wewe si achari."
Kisha mbegu za kitani alizochemsha usiku
mpaka zikatoa ute kama wa bamia,
akanipaka kutoka katikati hadi nchani, polepole,
huku akinionyesha birika lake, ndani jeupe kwa chokaa:
"Haya ndiyo maji ya mji huu.
Yaliyolifanyia birika, yanakifanyia kichwa."

Bwawani je? Mimi huogelea.
"Lowesha kwanza kwa maji ya bomba.
Sifongo iliyoshiba hainywi."

Nilipojifuta akaninyang'anya taulo.
"Usisugue. Kwani mmegombana?"
Akazibinya, akazibinya, kama anayekausha hariri ya mwenyewe.

Sikupanga kumuuliza kwa nini bitiruti.
Lilinitoka tu, kichwa kimefungwa, chai mkononi.
Akatazama kucha zake, ambazo mpaka leo
zina mstari wa kitu kisichotoka.
"Yale majora yalipanda treni," akasema.
"Sijui nani aliyavaa. Tulilipwa kwa kilo.
Hiki," akajigonga utosi, "ndicho jora langu."
Akaomba sukari.

Kabla sijaondoka nilimpaka mimi.
Mvi zilikuwa zimechomoza nusu ukucha,
na chini yake ngozi nyembamba, ya waridi, ya mtoto.
Nilikuwa sijawahi kuiona.
"Mizizi tu," akaamuru. "Ncha zimekunywa vya kutosha,
ukizilazimisha zitakatika."
Tukangoja dakika thelathini kwa saa ya ukutani,
tukibishana juu ya bei ya siagi.
Halafu akainama yeye, mikono juu ya magoti,
nami nikafungua bomba, la baridi, bila huruma.

Wekundu ukamwagika, ukazunguka tundu la sinki,
ukapita chini ya sahani, ukapungua, ukawa waridi.
"Yakitoka meupe, funga," alikuwa amesema.
Yakatoka meupe. Akanizuia mkono.
Alikuwa bado anayatazama, shingo imekunjika,
matone yakimdondoka puani.

"Jumatatu," akasema.

Ilikuwa Alhamisi.
Nikaacha maji yatiririke.