Kumbukumbu za Kikao, Ukumbi wa Kaptembwo

Mimi ndiye niliyeandika.
Nilipewa kalamu mbili, fomu mia moja na ishirini,
na katika kila fomu visanduku viwili:
NAUNGA MKONO. NAPINGA.
Chini yake mstari wa maoni,
mfupi kama kidole cha mtoto.

Kikao cha saa tatu kilianza saa nne na robo.
Afisa akasema ada ni shilingi mia tatu na hamsini,
kila nyumba, kila mwezi, mita isome isisome.
Akasema mabomba yamemzidi umri.
Akasema, akitabasamu,
"Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."
Sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango:
"Nguo tumevua tangu Jumanne. Maji yako wapi?"

Kicheko kile sikukiandika. Hakina kisanduku.

Odipo wa mkokoteni alisimama wa kwanza,
alama ya kamba bado i begani.
"Maji ni ya Mungu! Nani amewahi kuuza mvua?"
Makofi.
Ndipo Rispa Moraa akainuka polepole,
aproni ya saluni haijavuliwa,
"Odipo, dumu la Jumamosi uliniuzia thelathini.
Huyo alikuwa Mungu yupi?"

Akaendelea, na hapo ukumbi ukanyamaza:
"Mimi nalipa tayari. Nalipa dumu kwa dumu,
nalipa kwa mgongo, nalipa kwa usingizi.
Kule Milimani nyasi zinaoga
kwa bei nafuu kuliko wanangu.
Leteni hiyo mita. Lakini ikija peke yake, bila maji,
nitaing'oa iwe ya kuzuilia mlango."

Nikatia alama, NAUNGA MKONO.
Nikafuta. Nikatia, NAPINGA.
Karatasi ikatoboka.

Gichohi, mwalimu mstaafu, hakugusia pesa.
Alifunua midomo tu, akageuka kushoto, akageuka kulia,
ukumbi wote uyaone meno ya kahawia
ya mtu aliyenyweshwa kisima cha hapa tangu utoto.
"Risiti yangu hii," akasema.
Akakaa.
Meno nayaandikaje?

Wa mwisho alikuwa Jeptanui, kutoka Mwariki,
ambaye hata si mkazi wa wadi hii,
na mwenyekiti alitaka kumkatiza, akashindwa.
"Ziwa lilikuja kwangu bila fomu.
Lilipanda ngazi mbili, likapita sebuleni,
likalala kitandani petu mwaka mzima.
Asubuhi moja nilimkuta heroe jikoni,
amesimama mguu mmoja, ananitazama kama mimi ndiye mgeni.
Hakuna aliyekuja kusoma mita.
Maji yote yale, jamani,
na sikuwa na kikombe kimoja cha kumezea dawa."

Afisa alitazama saa.
"Mama, hiyo ni ndiyo au la?"
"Wewe andika tu," akasema,
si kwake. Kwangu.

Hesabu niliyopeleka ofisini:
wanaounga mkono, arobaini na mmoja,
wanaopinga, sitini na watatu,
fomu zilizoharibika, kumi na sita.
Niliulizwa mara moja tu kuhusu hizo kumi na sita.
Nikajibu kalamu ilikuwa mbovu.

Usiku, saa nane kasoro, bomba la ploti yetu lilikohoa.
Kwanza hewa: mita ikazunguka kwa bidii,
ikahesabu upepo.
Kisha uzi mwembamba, rangi ya kutu.
Milango ikafunguka, mmoja, wa pili, wote,
ndoo zikajipanga bila mwenyekiti,
mtoto wa chumba namba sita akilala wima
ameshika sufuria.

"Karani," mtu akaniuliza gizani, "kwani mliamua nini?"
Sikumjibu mara moja.
Nilikuwa nimeinama, nasikiliza ndoo
inavyobadili sauti ikikaribia kujaa.