Pakiti Mbili za Chumvi

Wiki ya saba hii, na chuma ni kile kile.
Sitini.
Kinashuka hadi kifuani kama mgeni anayejua njia,
kinakaa. Hakiagi.
Khaoya anashika ncha moja, fundi ncha ya pili,
wananitoa chini yake kama mtu aliyeangukiwa na gogo.

Hapa ni Chwele, nyuma ya karakana ya seremala:
ekseli ya trekta, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji,
benchi la mkaratusi linalolia kila ukililalia.

Mchana nabeba magunia kinuni kwa Wekhomo.
Kilo tisini natupia mgongoni nikipiga mluzi,
wanaosubiri zamu ya kusagiwa wananiita Tingatinga.
Laiti wangejua jioni
kilo sitini tu zinanilaza chali,
natazama mabati, nahesabu misumari.

Mwezi wa kwanza ulikuwa fungate.
Shati likanibana mabegani, nikanunua jingine mitumbani,
kubwa, la kungojea mwili,
kama sare ya mtoto wa darasa la kwanza.
Shati hilo bado linapwaya.

Nikaongeza bidii. Nani hakufundishwa hivyo?
Nikaja Jumapili, kengele za kanisa zikilia.
Nikaja na homa.
Nikaja na strungi tumboni na kipande cha muhogo,
nikisukuma, nikisukuma,
hadi sitini yenyewe ikaanza kunikana.

Nelima ana duka karibu na stendi.
Hufunga saa moja, huja, leso kiunoni juu ya suruali,
huinua, hunyamaza, huenda zake.
Siku hiyo akaokota daftari langu sakafuni,
lile ninaloandikia kilo na tarehe,
akalipitishia kidole kama kwenye majina ya wadeni.
"Situma, hapa naona kuchukua tu.
Jumatatu umechukua, Jumanne umechukua.
Umelipa lini?"
Nikacheka. Hakucheka.
"Umekula nini leo?"
Nikataja strungi.
"Na usingizi?"
Nikataja kinu cha usiku, msimu huu wa mavuno.
Akalifunga daftari.
"Mteja wa hivi mimi simkopeshi hata kiberiti."

Basi nikalipa.
Siku nne sikugusa chuma. Nne! Viganja vikiniwasha kama vya mwizi.
Nikala maharagwe, mayai, omena,
njugu mfukoni nikiwa kinuni.
Nikalala kama gunia lililoshushwa.
Nikaanza tena hamsini, polepole,
nikihesabu tatu chuma kikishuka, visigino vikiikanyaga ardhi
alivyonielekeza Khaoya tangu mwanzo, nami sikusikia.
Sitini ikapanda siku ya mvua, ikitetemeka.

Lakini kopo letu dogo kabisa ni kilo tano, na chuma kina pande mbili.
Kutoka sitini ni kuruka hadi sabini,
na mimi si chura.
Nelima akatoa mkobani pakiti mbili za chumvi,
nusu kilo, nusu kilo,
akazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, moja huku, moja kule.
"Sitini na moja. Utanilipa mwisho wa mwezi."

Sijui nieleze vipi.
Kilishuka. Kikakaa. Nikaiona misumari ile ile,
nikafika wa kumi na moja, wenye kutu,
kisha kitu kikaachia mgongoni,
kama mlango uliovimba kwa mvua
unavyoachia asubuhi ya jua.
Mikono ikanyooka.

Pakiti ya kushoto ikapasuka.
Chumvi ikanimwagikia machoni, mdomoni,
Khaoya akadhani nalia.
Nililia pia, kidogo.

Iliyobaki niliizoa sakafuni, nikaipeleka nyumbani ndani ya kofia.
Mama akaonja kunde, akasita.
"Chumvi gani hii yenye maranda?"
Akaongeza kijiko.