Ukurasa wa Thelathini na Moja

Bibi Somoe alikinunua Mingoyo, njiapanda ya Masasi,
kwa bei ya vibaba viwili vya korosho:
karatasi nyepesi, pini mbili zenye kutu,
na picha za wino uliovuja —
birika, mkono unaosugua kisigino,
mwanamke asiye na uso, amesujudu.

"Dini haikushuka kwa Kiswahili," alisema Mwalimu Chingwile.
"Na mimi sikuzaliwa kwa Kiarabu.
Tukutane wapi, basi?"

Wakakutana kibandani, penye kubangua.
Wanawake kumi na mmoja, majivu viganjani,
mafuta ya ganda yakiwachubua vidole,
naye akisoma silabi kwa silabi, kama apepetaye:
Nia ni ya moyo. Anza kulia.
Usifuje maji, hata ukiwa mtoni.

"Hata Lukuledi ikifurika?" akauliza Nambunga.
"Hata ikikubeba."
Wakacheka. Ndiyo maana hawakusahau.

Siku tuliyomlaza Bibi juu ya kitanda cha kamba
waoshaji walibishana: nguo tatu, au tano?
Chingwile alikuwa Lindi mjini, simu imezimwa.
Nambunga, asiyejua hata alifu wala a,
akafumba macho, akausoma ukurasa wote,
na katikati ya sentensi akakohoa,
palepale alipokuwa akikohoa Bibi.
"Tano," akasema. "Leteni ubani."

Usiku nilikifungua kijitabu.
Ukurasa ule mafuta ya korosho yameshautafuna.
Limebaki dole gumba, jeusi,
na neno moja: *taratibu*.