Mshono wa Katikati

Pazia letu la sinema ni shuka nne za hospitali,
Jumatatu zinarudi wodini.
Stoyanka aliziunganisha kwa cherehani ya kiwanda
baada ya zamu, msimamizi akijifanya haoni.
Mshono umepita katikati, wima,
na kila mwanamke atakayetokea humo kwa siku tatu
atagawanyika uso: jicho huku, jicho kule.
"Mtazoea," alisema Stoyanka, pini mdomoni.

Mimi nipo mlangoni na bakuli la maharagwe.
Hatuna karatasi za kura. Aingiaye hupewa punje moja,
filamu ikimgusa aitumbukize kwenye chupa yake.
Ukumbi ulikuwa wa wachimbaji, enzi za uhai wa mgodi;
bado wapo ukutani, wa kuchorwa,
wanaume kumi na wawili na taa kwenye kofia.
Mwanamke hakuna. Nimehesabu tangu utotoni.

Ijumaa tulikwenda Mongolia, tukarudi kabla ya saa tatu.
Jumamosi, mkunga mstaafu wa Ureno na kuku wake;
kisha mke kijana wa Seoul anayekula supu chooni kwa siri.
Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka.
Wanaume walikuja saba.
Mmoja alifuata joto la jiko, akalala,
akakoroma kwa adabu.

Jumapili nikamleta mama.
Zdravka, miaka sabini na tisa, macho yameingia ukungu,
maandishi ya chini ya picha kwake ni sisimizi.
Nikakaa ubavuni nikimsomea sikioni, polepole,
kama mtu anayeungama kwa niaba ya mwingine.

Filamu ya Bolivia. Mlima mwekundu, upepo.
Wanawake wamekaa juu ya kifusi cha mgodi
wanapasua mawe kwa nyundo, wanachambua:
lenye bati, lisilo na bati,
lenye,
lisilo.
Nikasoma, "Anasema mgongo wake..."
Mama akaniziba mdomo kwa kiganja.
"Nyamaza. Najua anachosema."

Sikujua kwamba anajua.
Miaka ishirini na sita alirudi nyumbani,
akanawa hadi viwikoni, akawasha jiko,
na tukimuuliza kazi, "Kazi ni kazi."
Tulijua yuko mgodini. Tulidhani anawapikia chai.

Gizani mkono wake ukaanza kwenda
kulia, kushoto, kulia, juu ya mapaja,
ukanda wa mashine ukimpitia mbele, mimi nisiuone,
naye anachagua, hakosei,
jiwe la risasi huku, jiwe bure kule.
Halafu akasimama. Kivuli chake kikaingia mlimani.
"Nyundo ishike chini zaidi, mwanangu,"
akamwambia yule wa Bolivia, kwa Kibulgaria,
kwa sauti iliyozoea kushindana na mitambo,
"utavunja kifundo cha mkono."

Hakuna aliyecheka.
Safu ya nyuma mtu akasema, "Ni kweli."
Karibu na jiko mwingine akasema,
"Changu kilivunjika mwaka wa sabini na moja.
Nilifungwa leso, nikamaliza zamu."
Kumbe walikuwa wanne humu ndani,
wanauziana maziwa na nyuzi za sweta kila wiki,
na neno hili hawajawahi kulitoa mbele yetu.
Filamu ikaendelea peke yake, haina wa kuisoma.

Taa zilipowaka mama alikuwa bado ameshika punje yake.
"Hupigi kura?"
"Punje moja," akasema, akaitia mfukoni, "haitoshi hata mboga."

Nyumbani alinawa hadi viwikoni,
ingawa hakuwa ameshika kitu.
Nikamshikia taulo. Nikauliza,
"Ulikuwa unakaa upande gani wa ukanda?"
Akajifuta kidole kimoja kimoja.
"Upande wa dirisha," akasema.
"Dirisha halikuwa na kioo."